Kasala ya Walio Hai

Ukope wa juu wa jicho la kulia la Kapinga ulianza kucheza kiangazi cha mwaka 1950, siku ya kufua nguo, naye alifurahi. Ukope wa juu ukicheza, mgeni yuko njiani. Wa chini ukicheza, utalia. Kila mtu mtaani Kenya alijua hivyo (nasema Kenya ya Élisabethville, huko Katanga, mtaa wa wafanyakazi wenye avenyu, yaani barabara, zilizonyooka, usiohusiana kwa lolote na nchi ya jina hilo). Basi Kapinga akafagia uwanja, akachinja kuku, akamwambia mumewe Clovis avae shati safi. Mgeni hakuja. Kesho yake ukope ukacheza tena, akachinja wa pili. Kuku wa nne alipoingia chunguni, Clovis akauliza kwa upole, «Huyu mugeni anatoka Luluabourg na miguu?»

Wakacheka wote wawili. Wakati ule mambo yalikuwa bado ya kuchekwa.

Kapinga alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Kasai, upande wa Luluabourg, akaja kwa treni mwaka 1929, bibi harusi mwenye sanduku moja la bati, kumfuata Clovis aliyekuwa karani wa stoo. Mtoto wao mmoja, Claudine, alikwisha kuolewa Jadotville, na majirani walimwita mama yake Mama Claudine. Penye bomba la maji la avenyu kicheko chake kilisikika kabla ya ndoo yake kuonekana. Tena alikuwa na urithi ambao mjini haukumfaa sana: mama yake alikuwa mwimbaji wa kasala. Kasala ni utungo wa Waluba wa kumwita mtu kwa majina yake, na ya baba yake, na ya babu yake, jina juu ya jina, mpaka yule anayeitwa asimame wima na kujiona ni mtu. Huko Kasai humwimbia bwana harusi, huwaimbia wazazi wa pacha, humwimbia marehemu. Mjini, watu wakiwa mbioni kila saa na king'ora cha kazi, kasala ilibaki matangani tu.

Baada ya miezi mitatu ukope ulikuwa hauchezi tena: ulikuwa unafunga. Kisha jicho la kushoto likaiga ndugu yake. Macho yote mawili yalijikunja kwa nguvu, kama ya mtu aliyeingiwa na sabuni, yakakaa hivyo kwa muda yalioutaka yenyewe. Kapinga akajifunza kutembea na kidole gumba kikiinua ukope mmoja, ndoo kichwani, mkono mwingine ukipapasa ua.

Sokoni ikawa vituko. Alisimama mbele ya mwuza samaki wakavu, jicho likafunga, likafunguka, likafunga. Mwuza samaki, mtu wa makamo aliyekuwa hajafinyiwa jicho na mwanamke tangu vita vya pili vianze, akamchagulia samaki mkubwa kuliko wote na kukataa malipo. Jumamosi iliyofuata mke wake alikuwepo pale pale, mikono kiunoni, na aliyoyasema sitayarudia. Kanisani wengine walisema Mama Claudine analala misa nzima. Wengine walisema anasali kuliko padri. Hayo ya pili yalimwuma zaidi, kwa sababu hakuwa anasali. Alikuwa akiogopa kuanguka.

Clovis akampeleka kwa daktari Mzungu. Daktari alimulika macho kwa taa ndogo, akayaona safi, akasema neno moja na nusu la Kifaransa na kuita mgonjwa mwingine. Muuguzi ndiye aliyetafsiri.

«Docteur anasema macho haina na ugonjwa. Ni banerfs, mishipa ya kichwa. Usifikiri mingi, mama.»

Kapinga akarudi nyumbani na chupa ya dawa ya matone, akashinda siku nzima akifikiri jinsi ya kutofikiri.

Sasa tuseme jambo lenyewe kama lilivyo. Kapinga alishikwa na huzuni. Haikuwa huzuni ya kufiwa. Hiyo aliijua, ina jina la mtu ndani yake, unaliita na unapoa. Hii haikuwa na jina la kuita. Aliacha kwenda sokoni, akaacha kwenda bomba, akaacha kwenda kanisani. Wageni wa Clovis, makarani wenzake wenye viatu vya kung'aa, walipokuja Jumapili alikaa chumba cha nyuma mpaka waondoke, na Clovis hakumwita. Chakula kilikuwa majani mdomoni. Asubuhi aliamka akiwa amechoka kuliko alivyolala, na mara nyingine alitamani asingeamka, akajikemea, akaenda kuwasha moto. Mumewe akiuliza ana nini, alijibu ni macho. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Aliyemtoa nyumbani alikuwa jirani yake Adolphine. Huyu alikuwa Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, binti wa mfanyakazi wa reli, amemzidi Kapinga miaka michache na sauti mara mbili. Miaka ishirini walikuwa wametumia ua mmoja na chumvi moja. Asubuhi moja ya mwaka 1952 aliingia bila kubisha.

«Mama Claudine, funga kitambaa. Papa Émile wa reli alikufa. Hapa hakuna muntu wa Kasai mwenye anajua kumuita sawa weye.»

«Mi sioni njia, yaya,» alisema Kapinga, akimwita dada mkubwa kama siku zote.

«Njia nitaona miye. Weye leta mudomo tu.»

Ndivyo Kapinga alivyokwenda matangani kwa Papa Émile, ameshikwa mkono, macho yamefunga kabisa. Wakamkalisha kwenye mkeka. Akasafisha koo, akaanza: jina la mzee, jina la baba yake, mto wa kwao, kilima cha kwao. Kwenye jina la nne kope zililegea. Kwenye la sita zilifunguka zenyewe, zote mbili, bila kidole. Akaona jua juu ya bati, miguu ya watu, ndevu za mzee mmoja, akamwona Adolphine amefunga kitambaa cha kijani ambacho hakuwahi kukiona. Hakuelewa, na hakuthubutu kunyamaza. Aliimba tangu asubuhi hiyo mpaka adhuhuri, huku machozi ya furaha yakimtoka kwenye msiba wa watu. Aliponyamaza ili anywe maji, macho yakafunga.

Nani angemlaumu kwa yaliyofuata? Mimi simlaumu. Mtu mwenye kiu akionyeshwa kisima haulizi kilichimbwa na nani. Kapinga akaanza kusikiliza habari za vifo. Msiba ukiwa avenyu ya saba, yuko. Ukiwa ng'ambo ya reli, yuko. Aliwaimbia Wakasai aliowajua na wasio Wakasai ambao hakuwajua, akiulizia majina yao mlangoni. Alikwenda kwa hatua nyepesi na kurudi kwa hatua nzito. Clovis hakuwa na habari ya macho hayo, kwani alikuwa kazini mchana, tena hakupenda matanga. Alituma mchango na salamu, basi.

Lakini wanawake wenzake Kapinga waliona, na penye wengi pana mengi. Maneno yalianzia bomba.

«Kwa bazima anafunga macho,» alisema mmoja. «Kwa bale balikufa anafungua. Ule muntu anatafuta nini?»

Utauliza, kwa nini asiimbe nyumbani kwake? Aliimba. Alijaribu mara moja, saa nne asubuhi, mlango umefungwa, akimwita mama yake mzazi kwa sauti ya chini. Sauti ya chini ya mwimbaji wa kasala inavuka nyua mbili. Hata hajafika kwenye jina la bibi yake, uwanja ulikuwa umejaa wanawake wamejifunga vitenge viunoni, wanalia kwa mpango mzuri, na mmoja amekwisha kuleta mkeka. Adolphine ndiye aliyekuwa mbele.

«Ni nani alikufa?» aliuliza Adolphine.

«Hakuna muntu alikufa. Nilikuwa naimba tu.»

Kilio kikakatika. Mwenye mkeka akaukunja polepole.

«Unaimbia maiti yenye haiko?» Adolphine alisema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. «Weye unaita kifo, Mama Claudine? Hapa kwetu, na batoto beko?»

Wangesahau, huenda. Lakini wiki mbili baadaye surua ilimchukua mtoto wa Marceline, nyumba ya tatu. Kapinga hakwenda kuimba. Alijifungia ndani akaziba masikio. Hilo nalo likageuzwa kuwa ushahidi wa uchawi: aliyemla anaona haya kumlilia. Lisemwalo lipo, wakasema, na aliyekuwa hajasema kitu akaona afadhali aseme.

Jumamosi akaja Anaclet, mkuu wa avenyu, pamoja na wazee wawili. Anaclet alikuwa fundi wa kusema jambo kwa kukana kwamba analisema.

«Ba Clovis, shiye hatusemi ni mulozi. Hatusemi ile maneno. Lakini bantu beko na woga. Mupeleke kwabo, miezi sita, roho ya bantu itulie.»

Kapinga alikuwa chumba cha nyuma akisikia yote. Alingoja mumewe aseme hapana. Clovis alikuwa mtu mwema; sitaki mmuone vibaya. Hakuwahi kumpiga mkewe, hakuleta mwanamke mwingine. Kosa lake ni kwamba aliogopa macho ya watu kuliko alivyoogopa chochote, na sasa macho ya avenyu nzima yalikuwa nyumbani mwake. Akawamiminia wageni maji. Kisha akasema ataomba karatasi ya ruhusa ya safari. Treni ilikuwepo Alhamisi.

Wageni walipoondoka, Kapinga alitoka akipapasa ukuta.

«Baba Claudine, kule hakuna muntu mwenye ananijua tena. Mama alikufa. Bibi za bandugu yangu banajua tu jina. Nitakaa mu nyumba moja, macho imefungwa, mpaka nikufe.»

«Ni miezi sita tu.»

«Mi najijua. Sitarudia huku.»

Clovis akakaa kitandani. Kapinga alimsikia akivua viatu, kimoja, halafu baada ya muda mrefu cha pili. Alijua mumewe anamsikitikia, na alijua kwamba masikitiko hayo yatampandisha treni.

Siku nne alikunja nguo. Maji yalikuwa yamezidi unga, na hakuwa na nguvu ya kutafuta unga mwingine. Jumatano asubuhi Clovis akavaa kofia, akaenda mjini kuchukua karatasi. Kapinga akajifunga kitenge, akatoka kwenda bomba. Hakutaka kuondoka bila kumuaga Adolphine, hata kama Adolphine alikuwa hajakanyaga kwake tangu siku ya mkeka.

Alijua amefika kwa sababu maneno yalikatika. Akasikia ndoo zikivutwa, watu wakimpisha kama anayebeba makaa.

«Yaya Adolphine, uko hapa? Nakuja kukuaga.»

«Baki pale,» sauti ya Adolphine ilitoka upande wa kushoto. «Aga pale unasimama. Usikaribie.»

Miaka ishirini. Kapinga alisimama pale, kidole kimeacha ukope, gizani katikati ya asubuhi, na kitu kikamwingia ambacho hakikumwingia kwa miaka miwili. Alikasirika. Si hasira ya kutukana. Hasira ya mtu aliyeibiwa na mtu anayemjua. Hawa wanamwogopa kwa sababu anajua majina? Basi na wayasikie majina.

Na ya Adolphine aliyajua. Katika miaka ishirini ya kufua pamoja, mwenzake alikuwa amemdondoshea habari moja moja: baba yake Kunda, aliyeshuka kutoka Kongolo kutandika reli, akiwa na binti wa miaka tisa, ndiye Adolphine; bibi yake Ngoie, mfinyanzi; homa iliyomzika Kunda kando ya njia, pasipo na msalaba. Mtoto wa mwimbaji wa kasala haachi jina lidondoke chini. Kapinga akafungua mdomo. Ila Adolphine hakujua Kiluba cha Kasai, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwake aliimba kasala kwa Kiswahili cha bomba:

«Adolphine, mutoto wa Kunda,
Kunda mwenye alivuka Lualaba na nyundo kwa bega,
Kunda mwenye alilalisha chuma chini, treni ikapita juu ya kazi yake,
mujukuu wa Ngoie mwenye alifinyanga chungu,
chungu ya Ngoie inapikia harusi, inapikia kilio, haipasuke,
uko wapi, mutoto wa Kunda?»

Ndoo mbili zilianguka. Marceline akajifunika kichwa akasema, «Anamulilia na eko muzima.» Mtu mmoja akakimbia kumwita Anaclet. Adolphine mwenyewe alikaa chini kwenye matope, akashika kifua, akingoja kufa. Akangoja. Moyo ulikuwa unapiga tu, tena kwa nguvu kuliko kawaida.

Kapinga aliendelea. Kope zilikuwa zimeanza kulegea, na sasa alimwona, amekaa matopeni, kitambaa kimeteleza. Akamsogelea hatua mbili, na ndani ya wimbo ule ule akamwambia jambo ambalo pale Kenya hakuna aliyekuwa amelijua, maana wote walikuwa wameisikia kasala matangani tu. Kwao Kasai, aliimba, mwenye kuitwa anaitika. Anasema, niko. Wanaonyamaza ni wafu peke yao. Ndiyo maana kasala yao inauma.

«Uko wapi, mutoto wa Kunda? Maiti njo inanyamaza. Uko wapi?»

Adolphine alitazama huku na huku. Midomo yake ilicheza. Ilikuwa miaka thelathini na kitu tangu mtu mwingine yeyote alitaje jina la baba yake kwa sauti; watoto wake mwenyewe hawakulijua vizuri.

«Niko,» alisema, kama mtoto anayeitwa shuleni.

«Uko wapi, mujukuu wa Ngoie?»

«Niko,» alisema tena, akainuka, matope yanamchuruzika. «Niko hapa. Rudilia ya baba.»

Kapinga akarudia ya baba. Wanawake wakawa hawajui walie au wacheke, wengine wakafanya yote mawili. Na wote waliona: macho ya Mama Claudine yako wazi, meusi, yana maji, na hapakuwa na maiti hata mmoja kwenye bomba lile. Anaclet akafika anahema, akauliza ni nani aliyekufa.

«Nyamaza, Ba Anaclet,» alisema Adolphine. «Bado hajamaliza baba yangu.»

Macho ya Kapinga hayakupona, na nisingependa mtu aondoke hapa akidhani kwamba yalipona. Yalifunga kila aliponyamaza, siku ile na miaka yote iliyofuata. Na ile huzuni isiyo na jina ilimrudia mara kwa mara, hasa misimu ya mvua, akalala uso ukutani siku mbili tatu. Tofauti ni kwamba alijua sasa kuna mahali pa kwenda, na watu walimfuata kumchukua: mwenye kuzaa, mwenye kuoza binti, mwenye kupandishwa cheo kazini, Marceline naye alipopata mtoto mwingine. Walikuja na majina ya wazee wao, wengine wakiwa wameyasahau nusu, naye aliyaunga.

Lakini asubuhi ile ya Jumatano hakuna aliyejua hayo. Marceline alikuwa amefunua kichwa na kusogea mbele. Anaclet alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akikana kwamba amekaa. Kapinga alikuwa bado na majina ya Adolphine mdomoni alipoona watu wakigeuka, akageuka nao. Clovis alikuwa amesimama kwenye kona ya avenyu, kofia kichwani, karatasi ya safari mkononi.

Kapinga akamwona. Kwa miaka miwili alikuwa amemwona kwa mkato wa ukope ulioinuliwa na kidole: kitufe cha shati, kipande cha shavu, kiatu. Sasa alimwona mzima. Mvi zilikuwa zimeshuka mpaka masikioni. Kola ilikuwa imempwaya shingoni, na begani alikuwa amepinda kama mtu anayebeba kitu asichotaka kionekane. Mumewe alikuwa amezeeka, na hakuna aliyemwambia. Alimwonea huruma, ila hakuweza kunyamaza ili alie, kwa sababu angenyamaza asingemwona. Basi akaitia huruma ndani ya wimbo, akamgeukia mbele ya wote, akaacha majina ya Kunda akashika ya Clovis, majina ya Kasai, ya baba yake na ya mto wa kwao, na katikati akamwuliza, ni nani huyo aliyeingia nyumbani akampaka mume wangu jivu kichwani, nami niko chumba cha nyuma sijui?

«Uko wapi, bwana yangu? Uko wapi?»

Avenyu nzima ilimtazama Clovis. Hakuna kitu alichokichukia kama hicho, na Kapinga alilijua hilo, akaendelea kumtazama. Clovis aliitazama karatasi. Akatazama watu, mmoja mmoja, kama anayehesabu njia za kutoka. Mwisho akamtazama mkewe, na macho ya mkewe yalikuwa wazi.

Akavua kofia.

«Niko,» alisema kwa sauti ya chini.

«Uko wapi?» Kapinga aliimba.

«Niko,» alisema Clovis, safari hii avenyu nzima ikasikia. «Niko hapa, Kapinga. Na weye hautaenda fasi yoyote.»